Kabla ya Kusaini Mkopo wa Shahada ya Uvuvi, Soma Hati ya Mshahara

Wazazi, shikamooni. Vijana wangu wa kidato cha sita, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie fursa za sekta ya uvuvi. Fursa mmeshasikia. Ziwa Victoria lile pale chini, na hakuna hapa asiyejua ladha ya sato. Mimi nitazungumzia hesabu, na walionisikia Sengerema na Ukerewe wanivumilie. Nitairudia hesabu hii mpaka watu waishike.

Nina hati ya mshahara mkononi, jina nimelikata na namba nimezilainisha ili tuhesabu pamoja. Afisa uvuvi mwenye shahada, mshahara wa msingi 700,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 5: 35,000. Bima ya afya, asilimia 3: 21,000. Kodi ya mapato: 49,000. Sasa tazameni mstari wa mwisho, wa Bodi ya Mikopo: asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 105,000. Zaidi ya mara mbili ya kodi! Mkononi zinabaki 490,000. Humo kuna chumba, nauli, na mama kijijini ambaye aliuza ng'ombe ili kijana aripoti chuoni.

Tuseme deni lote ni milioni 12. Gawanya kwa 105,000. Miezi 114, yaani miaka tisa na nusu. Mshahara ukipanda, makato nayo yanapanda na deni linaisha mapema, hilo nakubali. Lakini kijana, lile bumu la kula na kulala nalo limo ndani ya deni. Simu uliyonunua mwaka wa kwanza utamalizia kuilipa ukiwa na mtoto wa darasa la pili.

Kuna mzazi ataniambia zamani makato yalikuwa asilimia 8. Kweli, sheria ilibadilishwa 2016. Na kuna mwingine atakumbusha kwamba ile asilimia 6 iliyoongezwa kwenye deni kila mwaka, ya kulinda thamani ya mkopo, ilifutwa 2021. Kweli pia, nami nilifurahi sana siku ile, maana nimeona watu wanalipa miaka na deni halipungui.

Kwa hiyo nawakataza kusoma? Hapana, hapana kabisa! Fani hii imenilelea watoto. Ninachotaka ni kwamba mkiulizana nyumbani "analipwa shilingi ngapi?", muulizane na swali la pili: kuanzia siku ya joho mpaka mshahara wa kwanza ni miezi mingapi? Nafasi za maafisa uvuvi katika halmashauri ni chache na waombaji ni wengi. Hati hii niliyowasomea ni ya aliyepata. Asiyepata, akijiajiri, Bodi inamtarajia alete 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato chake. Atazitoa wapi?

Nitawaeleza nilichokiona kwa macho yangu. Alfajiri moja nilikuwa kwenye vizimba, yale matundu ya nyavu ya kufugia samaki ziwani, vya mama mmoja, mfugaji wa sato. Samaki wote walikuwa juu, midomo inafunguka na kufunga. Vibarua wakabeba mfuko wa chakula: "Wana njaa hawa." Kijana mmoja aliyekuja kuomba kazi, mhitimu, akamshika kibarua mkono. Akasema, "Msiwape hata punje." Hakuwa na kipimo chochote. Aliyatazama maji, yamekuwa kijani kama mlenda. Akauliza upepo ulivuma lini mara ya mwisho. Siku mbili ziwa lilikuwa kimya. Akasema hewa ya oksijeni imekwisha majini, na samaki akila ataitumia zaidi kusaga chakula. Wakafungua kamba, wakakikokota kizimba cha kwanza kutoka ghubani kwenda kwenye kina, kisha cha pili. Baadhi walikufa, tuliwaokota kwa ndoo. Wengi walipona.

Yule mama alimwajiri wiki ileile, mshahara pamoja na fungu katika kila mavuno. Nikamuuliza kijana alijifunzia wapi. Akasema ni kwenye mafunzo kwa vitendo: wenzake walitafuta sahihi kwenye daftari wakarudi mjini, yeye alilala vizimbani wiki nane.

Na mfugaji hakulipi kwa kuwa una shahada. Chakula peke yake kinakula zaidi ya nusu ya gharama za kufuga sato. Ukitumia kilo mbili za chakula kupata kilo moja ya samaki, tani 10 zinahitaji tani 20. Mtu anayejua ukubwa wa punje, saa ya kulisha na siku ya kutolisha akishusha mpaka kilo moja na nusu, ameokoa tani tano. Hiyo ni mifuko 200 ya kilo 25. Mshahara wako umo humo. Mwambie mwajiri hivyo siku ya usaili, na uwe unaweza kuifanya kweli.

Muda unaniishia. Haraka haraka: wapo wanaoanza na stashahada kwenye wakala wa mafunzo ya uvuvi, Nyegezi hapa Mwanza, au Kibirizi, Mbegani, Mikindani. Wanafanya kazi kwanza, shahada baadaye, na deni dogo. Msiwadharau, wengi wanajua nyavu na injini kuliko sisi. Bahari kuu na mwani wa Zanzibar nilivitayarisha, lakini vitabaki kwa siku nyingine.

Karatasi za hesabu zipo mezani. Mzazi achukue moja, akae na mtoto wake waijaze wote wawili: ada, bumu, makato, miezi ya kusubiri. Waijaze leo usiku, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.