Majani yamedondoka, dagaa wa Katonga wamefika

Haya jamani, shikamooni wakubwa zangu, wadogo marahaba. Wana Kigoma, watu wa mwisho wa reli, mliopo Mwanga, Gungu, Ujiji, Kibirizi, na nyie wa Kasulu mlioniandikia wiki iliyopita, nimewaona wote. Leo sina mada kubwa, nimekaa jikoni kwangu hapa Bremen, simu nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi, chai ninayo, tupige stori tu.

Ngoja nigeuze kamera muone nje. Mnauona ule mti? Wiki mbili zilizopita ulikuwa na rangi ya mawese yakiwa bado ya moto, mzuri mpaka nikawa nachelewa basi kwa kuuangalia, leo umebaki vijiti vitupu. Kwenye vitabu tuliambiwa msimu huu unaitwa vuli, mi nikija huku nikawa najua vuli ni mvua, na hata hizo mvua za vuli ni za wenzetu wa Pwani, kwetu Kigoma mvua ikishaanza mwezi wa kumi ndo imeanza hiyo, mpaka mwezi wa nne wa tano huko. Huku vuli ni majani kudondoka na giza kuingia saa kumi na moja jioni.

Alafu wamerudisha saa nyuma, kila mwaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanafanya hivyo. Maana yake tulikuwa tunapishana na nyumbani saa moja, saivi ni mbili. Kwako inaweza kuonekana kitu kidogo, ila mama yangu akishaswali isha hapo anakula analala, kwahiyo mimi nikifika nyumbani saa kumi na mbili jioni, kwake ni saa mbili usiku, nina kama nusu saa ya kumpata akiwa macho. Nusu saa tu, na hapo bado watoto wanataka nao waongee na bibi.

Sasa Jumamosi tulienda maktaba ya mji kuazima filamu. Huku yale maduka ya kukodisha filamu yalishafungwa karibu yote, watu wanaangalia kwenye intaneti, lakini maktaba bado wana mashelfu ya DVD, unachukua na kadi yako unakaa nazo hata wiki kadhaa. Kila nikisimama pale nakumbuka lile duka la CD tulilokuwa tunakodi pale Mwanga, mia tano kwa usiku mmoja, unaandikwa jina kwenye daftari, ukichelewesha unaongeza mia tano nyingine. CD inakuja imekwaruzwa mpaka inagoma, unapaka dawa ya meno kidogo, unafuta taratibu na kipande cha kitenge kutoka katikati kwenda nje, unairudisha kwenye deki watu kumi na tano wamekaa kwenye mkeka wamenyamaza wanasubiri, ikiwaka jamani! Kelele mpaka kwa jirani. Mwezi wa nne 2012 Kanumba alipofariki nilienda kukodi filamu zake nikakuta zote zimeshachukuliwa, wiki nzima hupati hata moja, mtaa mzima tulikuwa tunamwaga machozi kwa zamu.

Basi Jumamosi nikachukua filamu moja ya wavuvi wa Bahari ya Kaskazini, sikujua ni ya nini, nilipenda tu picha ya boti. Kuna mzee, mashua yake imefungwa gatini maana samaki wamewekewa kiwango na kiwango kimeisha, haruhusiwi kutoka. Kila asubuhi anakaa jikoni anasafisha mabuti yake ya mpira, anasugua, anayafuta, anayaweka mlangoni, na hayajalowa hata tone. Anarudia kila siku. Mi nikashindwa, nikasimamisha filamu, mwanangu ananiuliza mama vipi, nikamwambia huyu ni mjomba wako.

Maana mnajua wenyewe. Ziwa letu Tanganyika lilipofungwa watu wasivue 2024, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, mimi nilisoma hiyo habari kwenye simu nikiwa kwenye basi naenda kazini. Imeandikwa vizuri tu, nchi nne zinazochangia ziwa, sisi, Congo, Burundi na Zambia, lengo samaki wazaliane. Na mimi nakubali, nasema wazi hapa, ziwa limechoka, mgebuka tuliokuwa tunakula utotoni siyo hawa wa leo, mtu mwenye akili lazima akubali samaki wapumzike. Lakini ile habari ilizungumzia vyombo, nyavu na leseni. Mama zetu wa Katonga, hapo kwetu Kigoma, wanaonunua dagaa asubuhi mbichi wakaanika, hao hawana chombo, hawana leseni, na chakula cha watoto kinatoka kwenye zile beseni, na mimi nilitamani sana wangefikiriwa mapema zaidi kwenye hilo. Mama yangu akahamia kwenye maandazi. Kaka yangu, mtu aliyezoea kulala mchana na kushinda ziwani usiku wa giza na taa, nikimpigia ananiambia tu "tupo dada," basi, hana neno lingine. Nilituma nilichoweza, lakini hela haimpi mtu kazi ya kufanya.

Sasa sikilizeni. Juzi kuna mtu wetu karudi kutoka likizo, kaniletea mfuko, kilo mbili za dagaa kutoka kwa mama. Nimefungua hapahapa mezani, wanang'aa kama sindano. Nikawakaanga kavu kwanza kwenye sufuria, harufu ikatanda nyumba nzima, nikafungua dirisha baridi likaingia, sikujali, nikatia nyanya, kitunguu, mawese yaleyale, ugali pembeni. Nikaanza kutafuna polepole, si mnajua dagaa wetu wa kuanika chini, jino linasubiri mchanga. Natafuna nasubiri mchanga, haukuja. Tonge la pili, hamna. Nikampigia mama, namwambia mama mbona hawa hawana mchanga? Akacheka, akasema, "Si kaka yako alinijengea chanja ya kuanikia, ile miezi ziwa limefungwa. Hukujua?"

Sikujua. Mwaka na zaidi ananiambia "tupo dada", kumbe alikuwa anakata miti, anatandika nyavu chakavu, anampandisha mama dagaa wake kutoka chini. Na mama anasema wa chanja wanauzika bei nzuri kuliko wa mchangani.

Kwahiyo mimi ombi langu kwenu, habari kubwa nazipata. Za reli ya SGR ya Tabora kuja Kigoma nazifuatilia, za ukarabati wa Liemba nazifuatilia sana, maana ile meli iliundwa hapahapa karibu, Papenburg, 1913, ikapakiwa vipandevipande kwenye masanduku kama elfu tano, na nimeshawapeleka watoto wakauone mto wenyewe. Hizo zinaandikwa. Nyie niandikieni zile zisizoandikwa. Giza hili la mwezi lililopita, wavuvi wamepata? Beseni ya dagaa wabichi Kibirizi asubuhi inaenda bei gani? Maji yaliyopanda yakaingia kwenye nyumba za watu kule ufukweni, yamerudi au bado? Nani kajenga nini, nani kajifungua. Andikeni hapo chini, hata mstari mmoja, nasoma zote, wallahi nasoma.

Haya, naona saa inasema kumi na mbili na dakika tano. Mama ashamaliza kuswali, ngoja nimuwahi. Na leo nikimaliza naye, naomba ampe simu kaka.