Kura 98 na mtoto aliyetumwa dukani

Mhadhara kwa Waswahili wa Perth, Australia Magharibi, 2025. Umeandikwa kama ulivyosemwa.

Asanteni, kaeni, kaeni. Walio nyuma sogeeni, viti vya mbele havina wenyewe. Naona wengine mnacheka tayari, mnajua nitasema nini. Mzee mmoja wa Bukavu amenishika mkono pale mlangoni, akaniambia, "Mwalimu, leo tena ni wale tisini na wanane?" Ndiyo, Papa, leo tena: wapiga kura 98, na jinsi kura zetu za Baraza la Juu la bunge la jimbo zinavyohesabiwa. Nitaacha siku nitakayokutana na mtu kwenye foleni ya kura hapa Perth akanieleza yeye, bila mimi kumuuliza, ile karatasi kubwa inafanya kazi gani.

Maana ile ndogo hamna shida nayo. Karatasi ya bunge la chini ina majina machache, mtu anaijaza huku anaongea na jirani. Ile ndefu ya Baraza la Juu ndiyo balaa. Mnaandika 1 kwenye chama mnachokijua, mnaikunja, mnaitumbukiza, mnatoka nje kununua soseji. Mimi pia nilifanya hivyohivyo mwaka 2017, kura yangu ya kwanza tangu nipate uraia. Nilitumia muda mrefu zaidi kwenye foleni ya soseji kuliko kwenye karatasi. Kutopiga kura faini yake dola 20, nimeiokoa, nikaenda zangu.

Matokeo ya Machi mwaka huu mmeyasikia. Huko chini Labor, chama cha Roger Cook anayeongoza serikali ya jimbo, imepata viti 46 kati ya 59, na aliyeshangaa anyooshe mkono. Hakuna. Basi tupande juu. Viti 37. Labor 16, Liberal 10, Greens 4, Nationals 2, One Nation 2, halafu kimoja kimoja kwa chama cha kuhalalisha bangi, chama cha Wakristo na chama cha haki za wanyama. Ishikeni hesabu hiyo, nitairudia nikipata muda. Kwanza turudi nyuma miaka minne.

Tarehe 13 Machi 2021. Wakati huo jimbo limegawanywa kanda 6, kila kanda inatoa wajumbe 6 wa Baraza. Mojawapo ni Kanda ya Madini na Ufugaji: Kalgoorlie, Pilbara, Kimberley, jangwa lote lile. Tanzania nzima inaingia humo mara mbili na nafasi inabaki. Kura zinahesabiwa, watano wa kwanza wanapatikana, wa Labor wanne na wa Liberal mmoja. Katika hao wa Labor yumo Rosie Sahanna, mwanamke wa kwanza wa Waaborijini kuingia Baraza hilo, na hiyo ndiyo ingefaa kuwa habari ya siku. Haikuwa. Habari ilikuwa kiti cha sita.

Kiti cha sita kimechukuliwa na Wilson Tucker. Waliomwandikia 1 walikuwa watu 98. Narudia kwa wale wanaosinzia: tisini na wanane. Kwenye harusi ya Kiswahili watu 98 ni kamati ya maandalizi. Na mwenyewe siku hiyo alikuwa anaishi Seattle, Marekani.

Chama chake kilikuwa na hoja moja, nayo ni kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi ili jioni iwe na mwanga zaidi. Wananchi wa jimbo hili wameulizwa jambo hilo kwa kura ya maoni mara nne, 1975, 1984, 1992 na 2009, na mara zote nne wamejibu hapana. Na kanda yenyewe sasa! Mtu wa Broome unamwambia umwongezee jua la jioni? Yeye anaomba lizame hata sasa hivi. Sisi ndiyo kabisa hatuwezi kuelewana na chama hicho. Saa yetu inaanza na mapambazuko, saa moja ni saa moja, serikali itaisogeza wapi? Mimi saa ya ukutani kwangu mpaka leo naisoma kwa Kiswahili, watoto wanachelewa shule, mama yao anagomba.

Lakini hebu tuulize alipitaje. Viti 6, kwa hiyo kizingiti cha kupata kiti ni sehemu moja ya saba ya kura, na juu yake moja. Kura halali za kanda ile hazikufika 50,000, basi kizingiti kilikuwa kama kura 7,000. Yeye ana 98. Hizo nyingine zilitoka wapi?

Hapa ndipo namtuma mtoto dukani. Wote mlitumwa utotoni, sivyo? Mama anakupa hela: "Lete mchele. Hakuna mchele, lete unga. Hakuna unga, lete muhogo. Na chenji yangu urudi nayo." Kura ya hapa ni hivyo. Wa kwanza wako akianguka, kura yako haifi, inakwenda kwa wa pili wako, kisha wa tatu. Mimi naupenda mfumo huu, sijauona mwingine unaomheshimu mpiga kura kiasi hicho. Lakini mwaka 2021, wewe uliyeandika 1 juu ya mstari wa karatasi, penye vyama, ulimwambia mtoto neno moja tu, "mchele", ukafunga mlango. Yaliyobaki mtoto aliambiwa na mwenye duka.

Chama ulichokiandikia 1 kilikuwa kimeshapeleka kwa tume ya uchaguzi orodha yake ndefu: huyu wa pili, huyu wa tatu, mpaka mtu wa mwisho kabisa. Na wiki chache kabla, wenye maduka walikuwa wamekaa pamoja. "Wateja wangu wakikosa mchele nawaleta kwako. Wako wakikosa sukari walete kwangu." Vyama vidogo vingi, vingine vikichukiana kabisa kwa sera, vinapeana kura kabla hujazipiga. Yuko bwana mmoja, Glenn Druery, anayejulikana nchi nzima kwa kuwakalisha watu hao meza moja. Basi kila chama kidogo kinapoondolewa kwenye hesabu, kapu lake linamiminwa kwenye kapu la jirani. Mia kadhaa, halafu maelfu. Mama yuko jikoni, maji yanachemka, mtoto anarudi. Mchele hakuna. Unga hakuna. Amebeba saa ya ukutani.

Na usipotaka mwenye duka akuamulie? Uende chini ya mstari, penye majina ya wagombea mmoja mmoja. Na chini ya mstari, wakati huo, ilikuwa lazima uwape namba wagombea wote, kila mmoja, bila kuruka. Makumi ya watu usiowajua, na watoto wamekuning'inia. Nani angefanya? Walijua hutafanya.

Sasa najua mtaniambia, kila mara naambiwa: "Mwalimu, huyo kijana alivunja sheria gani?" Hakuvunja hata moja. Alirudi kutoka Seattle akafanya kazi yake ya ujumbe, sina ugomvi naye hata kidogo. Mwingine ataniambia, na huyu ana akili zaidi: "Kuanza na kura chache si kosa. Mtu anaweza kuwa chaguo la pili la watu wengi akashinda kwa haki." Kweli tupu! Kama watu elfu saba wangeandika kwa mkono wao, "akianguka wangu, mpeni Tucker," ningesimama hapa kumpigia makofi. Hawakuandika. Nendeni Kalgoorlie muwaulize. Hiyo 98 magazeti yaliipenda kwa sababu inachekesha, lakini 98 ndizo kura za halali kuliko zote, ndizo watu walizipiga wakijua. Mimi nazililia zile elfu sita na ushee zilizokuja baadaye bila wenyewe kujua.

Na mwaka huohuo, wapate picha wale wasiopenda hesabu: Greens walipata zaidi ya asilimia 6 ya kura za Baraza jimbo zima, makumi ya maelfu ya watu. Viti walivyopata? Kimoja. Sawa na chama cha saa.

Ngoja, kuna dhambi ya pili, na hii ni ya zamani kuliko Tucker. Kanda ile ya madini ilikuwa na wapiga kura kama 70,000 walioandikishwa. Kanda ya kaskazini ya Perth, zaidi ya 400,000. Zote wajumbe 6. Yaani wewe wa hapa Perth na binamu yako aliyekwenda Karratha kuendesha malori ya mgodi, mmetoka kambi moja ya wakimbizi, mmeapa uraia siku moja, kura yake ina uzito karibu mara sita ya yako. Watu wa mashambani wanasema wao wako mbali, bila hivyo Perth itawameza. Naelewa, na mimi nimezaliwa kijijini, najua mjini wanavyotusahau. Lakini mara sita? Mbunge wao apewe ndege, apewe ofisi mbili tatu, apewe simu isiyokatika. Mtu mmoja asipewe kura sita.

Labor walipata viti 22 kati ya 36 mwaka ule, mara ya kwanza katika historia kulishika Baraza peke yao, wakabadilisha yote mawili kabla mwaka haujaisha. Kamati chini ya Malcolm McCusker, aliyekuwa gavana, muswada, sheria, kwisha. Na hapa nawapa haki wanaolalamika: kabla ya uchaguzi Mark McGowan, kiongozi wa Labor wakati huo, aliulizwa tena na tena, akajibu kwamba jambo hilo halimo katika ajenda yake. Halimo! Mambo mazuri nayo yana adabu yake. Mwambie mtu kabla ya kura. Ningempa kura vilevile.

Kwa hiyo mwaka huu ndiyo mara ya kwanza. Jimbo zima ni kanda moja, wajumbe 37, kizingiti kama asilimia 2.6. Orodha za vyama zimefutwa. Chini ya mstari namba 20 zinatosha. Rudini kwenye hesabu niliyowapa: wengi ni 19, Labor wana 16, kwa hiyo kupitisha sheria wanahitaji wenzao, na Greens 4 wanatosha. Greens kutoka 1 hadi 4. Nationals kutoka 3 hadi 2, na huko mashambani wamekasirika, hilo lina mhadhara wake siku nyingine. Na vyama vidogo havikufa, kama tulivyotishwa. Bangi wamo, wanyama wamo, Wakristo wamo. Wameingia kwa kura za watu waliowataka.

Lakini ninyi! Nimesimama nje ya kituo cha kura Machi, nimewauliza watu wetu kama kumi hivi. "Umeandikaje juu ya mstari?" "Moja." "Na mbili?" "Mbili ya nini?" Jamani. Zamani ukiandika 1 peke yake, mwenye duka alikuamulia. Leo mwenye duka amefungwa mdomo, kwa hiyo mtoto akikosa mchele anarudi na hela ileile mkononi, na nyumba inalala njaa. Chama chako kikiondolewa na hukuandika 2, kura yako imeishia hapo. Sheria inakuruhusu kuandika 1 tu. Inakuruhusu pia kuvaa koti kichwani. Andika 2, 3, 4, mpaka ufike kwa watu usiotaka kuwaona, hapo ndipo usimame.

Muda umekwisha, naona. Jimbo la New South Wales nairuka. Hapana, neno moja: mwaka 1999 walikuwa na wagombea 264 kwenye karatasi moja ya Baraza, urefu wake kama mita, upana sentimita 70. Wenyewe waliiita kitambaa cha meza. Mimi nasema ni kanga, imekosa jina tu. Akapita mtu wa chama cha michezo ya nje, Malcolm Jones, kwa asilimia 0.2 ya kura. Wao waliona aibu mapema, uchaguzi wa 2003 hawakuzirudia orodha za vyama. Sisi tulisubiri mpaka 2021.

Na Victoria wanasubiri mpaka leo, ndilo jimbo pekee lililobaki na orodha za vyama. Mwaka 2018 Rod Barton wa chama cha watu wa teksi aliingia kwa asilimia 0.6 hivi ya kura za kanda yake. Wanapiga tena Novemba 2026. Kila mmoja humu ana ndugu Melbourne au Shepparton, msinikatalie, mnapigiana simu kila Jumapili saa nzima kuhusu michango ya harusi. Kateni dakika mbili. Waambieni kwao, chini ya mstari, namba 5 tu zinatosha, hawahitaji kuwajaza wote: 1, 2, 3, 4, 5. Mtu akiwaambia ni kazi kubwa, mkumbusheni kwamba namba ya simu aliyobonyeza kuwapigia ina tarakimu 10.

Haya, maswali. Papa wa Bukavu kwanza, ameshasimama.