Navyovaa pete ya uzazi wa mpango, na kwa nini naikagua kila nikitoka chooni

Haya jamani karibuni, leo tunavaa pete ila siyo ya kidoleni. Niko nyumbani hapa Mtwara, nimefunga mlango, watoto wako kwa bibi yao, kwa hiyo tuongee kikubwa. Kama wewe ni kaka umeingia humu kaa tu usikilize, mkeo atakushukuru.

Hii hapa. Ngoja, simu inavuta ukungu... haya, mmeiona? Ni laini, inapinda kama mpira wa kubania nywele, upana wake kama sentimita 5 na nusu hivi. Ndani ina homoni mbili, estrojeni na projestini, jamii ile ile ya homoni za vidonge, zinatoka kidogo kidogo zinapita kwenye ukuta wa uke zinaingia kwenye damu, yai halitoki. Mimi vidonge nilikuwa nasahau, leo nimemeza kesho sijameza, roho juu kila mwezi. Hii naiweka, wiki 3 siiwazi.

Msikimbilie zahanati mkadhani mtaikuta kama mnavyokuta vijiti, kitanzi au sindano. Ya kwangu daktari aliniandikia, ikaagizwa. Na hapo kwa daktari usipapite, maana haimfai kila mtu. Kama una presha, uliwahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, una kipandauso kile kinachoanza na kuona vimulimuli, uliwahi kuugua saratani ya matiti, unavuta sigara na umefika miaka 35, hii siyo yako. Unanyonyesha mtoto mchanga, mwambie. Unatumia dawa za TB, mwambie, kwa sababu rifampisini inaipunguza nguvu. Na Ukimwi haizuii wala magonjwa mengine ya zinaa, kondomu inabaki pale pale.

Kuvaa sasa. Unanawa mikono, unakausha, unachana pakiti, pakiti usitupe. Nitawaonyesha kwa ngumi yangu hii, chukulieni hapa kwenye tundu la ngumi ndiyo ukeni. Unaibana pete hivi, inakuwa nyembamba kama namba nane, unachuchumaa au unainua mguu mmoja juu ya kigoda, unasukuma ndani kwa kidole... basi, imeingia. Hakuna sehemu maalumu ya kukaa. Ukihisi inakukwaruza ujue iko karibu na mlango wa uke, isukume tena ndani zaidi. Haiwezi kupotelea tumboni, mlango wa kizazi umefunga huko juu. Wenzangu mliochezwa unyago mwili wenu mnaujua, msione aibu kujigusa.

Ukianza siku ya kwanza ya hedhi inakukinga toka siku hiyo. Ukianza siku ya 2 mpaka ya 5, tumia kondomu siku 7 za mwanzo.

Aa, umeme huo. Subirini nifungue dirisha... mnaniona? Haya tuendelee hivi hivi, maana nimefika pale penyewe.

Chooni. Jamani chooni! Mwaka wa kwanza kuitumia nilikuwa nimefunga choo siku mbili, nikachuchumaa kwenye choo cha shimo, nikasukuma kwa nguvu, nikanawa nikaenda zangu kuuza. Sikukagua. Kesho yake jioni naoga, naingiza kidole, hamna kitu. Imeshaenda shimoni na mimi sijui toka saa ngapi, na usiku ule mume wangu alikuwepo. Nililia. Wiki mbili zile mpaka nilipopima sikulala vizuri.

Kwa hiyo nikitoka chooni, hasa kama nimesukuma, nanawa mikono naingiza kidole, naigusa, ipo, naendelea na shughuli. Baada ya tendo pia naigusa. Kama unatumia tamponi, ukiivuta angalia isije nayo. Narudia, ukishasukuma chooni, kagua. Sekunde 5 tu.

Ikitoka ukaiona, na masaa 3 hayajapita, ioshe kwa maji ya baridi au vuguvugu, siyo ya moto, irudishe, huna shida. Yakizidi masaa 3 na uko wiki ya 1 au ya 2, irudishe, ila kondomu siku 7. Ikiwa wiki ya 3 hiyo itupe, vaa mpya hapo hapo, na kondomu siku 7. Hujui imetoka lini kama mimi? Hesabu kwamba masaa 3 yamepita na umuone mhudumu haraka, kama mmekutana kuna vidonge vya dharura, usikae na wasiwasi ndani kama nilivyokaa mimi. Hata mumeo akisema anaihisi mkaitoa, ni masaa 3 hayo hayo, isilale mezani mpaka asubuhi.

Kutoa ni rahisi, unaingiza kidole unaikokota. Mimi navaa Jumatatu saa 4 usiku, baada ya wiki 3 natoa Jumatatu saa 4 usiku, hedhi inakuja baada ya siku mbili tatu, Jumatatu inayofuata saa 4 usiku navaa mpya hata kama damu bado inatoka. Siku 7, zisizidi. Alamu ya simu yangu nimeiandika "PETE" kwa herufi kubwa.

Akiba msiweke dirishani wala kwenye gari, joto likizidi nyuzi 30 haifai, na huku kwetu msimu wa korosho ukifika mnajua wenyewe jua linavyowaka. Zangu ziko kwenye friji, siyo kwenye barafu.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana, pumzi ikikatika au kichwa kikipasuka ghafla, toa pete nenda hospitali hapo hapo.

Iliyokwisha kazi irudishe kwenye ile pakiti niliyowaambia msitupe, ikunje, weka kwenye taka mbali na watoto. Siyo chooni. Chaji imebaki asilimia 4, maswali andikeni hapo chini nitajibu umeme ukirudi.