Chili Iliyonukia Pilau

Habari zenu jamani, karibuni tena jikoni kwangu hapa Houston. Mama, najua unaangalia, shikamoo. Na nyie wa Muheza mnaoangalia kwa bando la jero, leo naenda moja kwa moja.

Mnaliona hili kopo? Rafiki yangu kanitumia kutoka Cincinnati, mji wa jimbo la Ohio, makopo sita, kayaviringisha kwenye magazeti kama mayai. Ni chili. Hapana, si pilipili ya kopo! Chili ya Wamarekani ni mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe ya kusaga. Hapa Texas ndiyo chakula rasmi cha jimbo tangu mwaka 1977, inawasha kwelikweli, na ukitia maharage kuna watu watakununia. Sasa mwambie mtu wa huku kwamba Cincinnati wanaimwaga juu ya spageti. Atakutazama kama umesema unakunywa chai ya chumvi.

Mimi nimekaa Cincinnati miaka saba. Siku ya kwanza kuingia mgahawa wa mtaani kwetu ilikuwa Januari, theluji iko kwenye vifundo vya miguu, na wala sikujua wanauza nini, nilifuata taa tu. Nikafungua mlango. Mdalasini. Karafuu. Bizari. Nikaganda pale nimeshika kitasa, baridi yote inaingia ndani, watu wameacha kula wananiangalia. Jamani, mimi karafuu za milima ya Amani nimezianika kwenye mkeka tangu sijaanza shule. Ile harufu ni ya sufuria ya mama siku ya pilau, pale kitunguu kimeshakuwa cha kahawia, viungo ndiyo vimeingia, mchele bado uko kwenye ungo. Pua yangu ilifika Muheza, mimi nimebaki mlangoni.

Kumbe chili ya kule ni ya wahamiaji. Mwaka 1922 ndugu wawili kutoka Makedonia, Tom na John Kiradjieff, walifungua kimgahawa kando ya ukumbi wa maonyesho ulioitwa Empress, nacho wakakiita hivyohivyo. Walichukua mchuzi wenye viungo vya kwao, wakaumwaga juu ya soseji na spageti ambazo wenyeji walishazizoea. Akaja Mgiriki, Nicholas Lambrinides, akafungua mgahawa wa chili wa Skyline mwaka 1949. Mwaka 1965 ndugu wa ukoo wa Daoud, kutoka Jordan, wakaanzisha mwingine, Gold Star. Wageni watupu! Na nyama yenyewe haikaangwi. Inavurugwa ikiwa mbichi kwenye maji mpaka isibaki na donge, halafu inachemshwa taratibu na viungo. Ndiyo maana inakuwa laini vile.

Kuagiza sasa. Three-way ni spageti, chili, na jibini. Ukiongeza kitunguu au maharage inakuwa four-way, vyote viwili five-way. Jibini sasa, msifikiri ni ya kunyunyizia. Ni kichuguu! Imekwaruzwa nyembamba kama nyuzi, ya njano, imerundikwa mpaka spageti huioni, na kwa chini imeanza kuyeyuka kwa mvuke. Pembeni unapewa vibiskuti vidogo vya chumvi. Wazee wa pale wanakitoboa kimoja, wanadondoshea pilipili ya chupa, wanakitupa mdomoni kabla sahani haijafika. Hiyo tabia ninayo mpaka leo.

Basi mimi na uma wangu nikaanza kuviringisha spageti. Mzee mmoja kwenye kiti cha jirani akanigusa bega, akatikisa kichwa, akanionyesha: unakata kwa ubavu wa uma kutoka juu mpaka chini, kama keki, upate kila tabaka. Hakusema neno. Alirudi kwenye gazeti lake.

Mama wa kaunta ndiye alinichanganya. Nikiagiza, na lafudhi yangu hii, ananiambia, "Please?" Nikadhani ananifundisha adabu! Nikarudia kwa unyenyekevu, "Five-way, please." Naye tena, "Please?" Tukaenda hivyo mara tatu, mimi nimekaribia kupiga magoti. Nikaja kuambiwa kwamba watu wazima wa Cincinnati wakisema hivyo wanamaanisha "unasemaje?" Wameirithi kwa Wajerumani walioujaza mji ule zamani. Tulicheka sana baadaye. Akawa akiniona tu dirishani ananiandalia five-way, vitunguu vingi, sijafika hata kwenye kiti.

Siku naondoka kuja huku nilipita kumuaga. Alikataa hela yangu. Akanifungia vibiskuti kwenye mfuko wa karatasi, vingi, vya kumtosha mtu kuvuka majimbo manne, na kweli nilivimaliza njiani.

Haya, naifungua... subirini... aah. Mnaona inavyong'aa? Si sawa na ya pale, ya kopo ni ya kopo, mdalasini umepoa kidogo. Lakini karafuu ipo. Wallahi ipo.

Mara ya kwanza nilipomtumia mama picha ya hii sahani, alinipigia usiku wa manane wa huku. Hakuuliza habari za kazi. "Mwanangu, huko wamekosa mchele mpaka wanapikia pilau tambi?"

Mama, mchele upo. Ngoja nikachuje tambi, zinalainika kupita kiasi.