Mistari Myekundu Chini ya Kiswahili Chetu

Asalaam aleikum walimu wangu, na nyinyi ndugu mnaochapa barua na kadi za harusi hapa Amu.

Mzee mmoja alinijia kibandani, nyuma ya Mkunguni, na barua ya kuchapwa. Nilipomaliza ukurasa, karibu kila neno lilikuwa na mstari mwekundu chini yake. Akaniuliza, "Mwanangu, Kiswahili changu kina makosa yote haya?" Liliniuma swali lile. LibreOffice, programu ninayochapia barua, ilikuwa inampima kwa kamusi ya Kiingereza, kwa kuwa siku ya kuiweka nilibofya Next mbiombio, na kamusi yetu ikaachwa nje.

Basi msikimbilie kufuta programu nzima. Ifungeni, kisha kwenye orodha ya programu za Windows ichagueni, mbofye Change, halafu Modify. Fungueni Optional Components, ndani yake Dictionaries. Swahili ikiwa na msalaba mwekundu, haijawekwa. Ibofyeni, mchague iwekwe kwenye diski.

Hapo ndipo wengi hukwama, maana kompyuta hudai faili la MSI la mwanzo, yaani lile mlilopakua kuiwekea programu. Windows huweka nakala yake, lakini kwa kazi hii nakala hiyo haitoshi. Inataka faili lile lile, toleo lile lile, hata jina lile lile. Mimi nilihangaika saa nzima na faili lililokuwa mbele ya macho yangu: lilipakuliwa mara mbili, na kivinjari kikaongeza 1 ndani ya mabano mwisho wa jina. Nilipoifuta ile 1, likakubaliwa. Lina zaidi ya megabaiti 300, na bando mwazijua bei zake. Lihifadhini kwenye flashi.

Mistari ikibaki, ni kwa sababu maandishi yenyewe bado yamesajiliwa kuwa Kiingereza. Nendeni Tools, Language, For All Text, kisha More, mchague Kiswahili chenye alama ya ABC ubavuni.

Ile barua ya mzee nikaifungua upya mbele yake. Ilibaki mistari miwili, chini ya "ndia" na "nti", maneno ya Kiamu chetu, kwani kamusi ile ni ya Kiswahili sanifu. Naomba sana, msiwageuzie watu maneno yao yakawa njia na nchi. Nilibofya kulia, Add to Dictionary, neno moja moja, naye akitazama mistari ikiondoka.