Mali Iliyosimamishwa: Maana ya Kuweka Wakfu

Waheshimiwa wasikilizaji,

Neno nililoombwa kulizungumzia ni wakfu, ambalo Waislamu na Wakristo wetu wanalitumia kila siku, mara nyingi bila upande mmoja kujua mwenzake anakusudia nini. Asili yake ni kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kusimama na kusimamisha, nami naona maana hiyo ya kusimamisha ndiyo inayoyabeba matumizi yake yote.

Hadithi mashuhuri inasimulia kwamba Umar bin Khattab, alipopata ardhi huko Khaibar, alimwendea Mtume kumtaka shauri, akaelekezwa aizuie ardhi yenyewe na ayatoe sadaka mazao yake. Ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Ndiyo sababu mtu wa Unguja au Mombasa akisikia “nyumba ya wakfu” hafikirii mafuta wala uvumba, bali kodi inayokwenda msikitini na warithi wasioweza kuigusa.

Mkristo, kwa upande wake, humkumbuka askofu akiwekewa mikono, au watawa katika maisha ya wakfu. Kwa jengo la kanisa na altare, ambayo hupakwa mafuta ya krisma, Wakatoliki wana kitenzi kingine, kutabaruku, nacho ni cha Kiarabu vilevile.

Hata hivyo, someni kitabu cha Yoshua katika Biblia ya Kiswahili, tafsiri ya Muungano. Kosa la Akani, Mwisraeli mmoja, pale Waisraeli walipouteka mji wa Yeriko, lilikuwa kutwaa kitu kilichowekwa wakfu. Na katika mji ule fedha, dhahabu, shaba na chuma viliingia katika hazina ya Bwana, ilhali vilivyosalia viliteketezwa. Chenye kuhifadhiwa na chenye kuangamizwa viliitwa kwa jina moja, kwa kuwa vyote vilikuwa vimetoka mikononi mwa watu, visiweze tena kumilikiwa wala kugawanywa kama nyara.

Kwa kipimo hicho, sikubaliani na wanaosema gari jipya au duka “limewekwa wakfu” baada ya kuombewa. Hilo limebarikiwa tu, na mwenyewe anaweza kuliuza kesho asubuhi bila kumkosea mtu.

Swali gumu zaidi ni kama kilichosimamishwa kinaweza kurudishwa. Sheria ya Kanisa Katoliki inakubali kwamba mahali patakatifu hupoteza hadhi hiyo pakiwa pamebomoka kwa sehemu kubwa, au pakielekezwa kwa kudumu kwenye matumizi ya kawaida, iwe kwa amri ya mwenye mamlaka au kwa hali halisi. Wanazuoni wa Kishafii, ambao madhehebu yao ndiyo yenye wafuasi wengi pwani yetu, wamekaza zaidi: msikiti ukianguka, hata ikiwa haiwezekani kuujenga tena, kiwanja chake hakiuzwi, kwani hakirudi kuwa milki ya aliyekitoa wala ya watoto wake.