Kuongea na Gari Safarini: Kazi Yote Iko Kabla ya Kuondoka

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo nimepaki na injini nimezima, maana hili la leo silirekodi huku naendesha. Wengi mmeniuliza inakuwaje kwenye video zangu za safari ndefu natamka neno tu na muziki unabadilika. Nawaonyesha sasa hivi, na nitawaambia na upande wake wa pili, kwa sababu nawapenda na nataka mfike salama.

Haya, angalieni hapa kwenye usukani. Mnakiona kitufe chenye picha ya kichwa cha mtu anayeongea? Kwenye gari hili, nikikibonyeza na kuachia, ninaongea na redio ya gari yenyewe. Nikikishikilia kidogo, ninaongea na simu yangu, yaani Siri, msaidizi wa sauti wa iPhone, kwa wenye CarPlay, au msaidizi wa Google kwa wenye Android Auto; hiyo CarPlay na Android Auto ni mifumo ya kuunganisha simu na skrini ya gari, ya kwanza kwa iPhone, ya pili kwa Android. Hao ni wasikilizaji wawili, na watu wengi wanaukatia tamaa mfumo huu kwa sababu hawajui wanaongea na yupi. Wa gari anajua amri chache: badili stesheni, piga namba hii. Uzuri wake, hizo anazielewa hata intaneti isipokuwepo. Wa simu anajua mengi zaidi, lakini mara nyingi sauti yako lazima isafiri hadi kwenye kompyuta za mbali ndipo jibu lirudi. Ukiingia porini mtandao ukakata, basi. Ndiyo maana nyimbo za safari nazipakua kwenye simu usiku wa kuamkia safari.

Ukishabonyeza, muziki unanyamaza, unasikia mlio, ndipo useme. Usiwahi mlio, maneno ya mwanzo yatapotea. Maikrofoni kwenye magari mengi iko huku juu, karibu na kioo cha kuangalia nyuma, na hapa inaingia sauti ya kila kitu: upepo wa dirishani, feni ya AC, watoto wa kiti cha nyuma. Mimi hufunga vioo na kupunguza feni kwanza.

Sasa lugha, na hapa ndipo sisi tunapoumia. Siri hapokei Kiswahili. Google walianza kupokea Kiswahili cha sauti kwenye kuandika mwaka 2017, lakini ndani ya gari mimi bado naagiza kwa Kiingereza. Na masikio ya Kiingereza hayajazoea neno linaloanza na mb, nd au ng'. Unamtaja Mbwana, gari linakupigia mtu ambaye hamjasalimiana miaka. Ujumbe ukiingia ndiyo balaa zaidi: unasomewa Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na huambulii kitu, halafu unajikuta unavuta simu usome mwenyewe. Usifanye hivyo. Ujumbe wa Kiswahili usubiri usimame.

Majina yana dawa. Kwenye iPhone, ukifungua jina la mtu kuna sehemu ya kuandika jinsi linavyotamkwa. Andika hapo kwa tahajia ambayo Mwingereza angesoma sawasawa. Unaweza pia kuiambia simu kwamba huyu ni dada yako, kisha ukasema tu umpigie dada kwa Kiingereza. Na plelisti zipe majina ya maneno mawili mepesi. Yangu ya taarabu inaitwa Blue Road, na inapatikana ninapoiita.

Wenye magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, nanyi mmeuliza. Redio zake nyingi zinasikiliza Kijapani, na FM yake inaishia 90 au 95, wakati stesheni za kwingine zinafika 108. Kwa maoni yangu, msihangaike nayo. Wekeni redio nyingine inayopokea CarPlay au Android Auto.

Lakini nisikilizeni vizuri hapa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, kwa ajili ya AAA Foundation, taasisi ya usalama barabarani ya Marekani, walipima madereva wanaotumia mifumo hii. Kwenye ile iliyofanya vibaya zaidi, akili ya dereva ilichukua hadi sekunde 27 kurudi barabarani baada ya kumaliza kuongea. Piga hesabu: kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, hizo ni mita 750. Macho yako mbele, mikono kwenye usukani, na bado mawazo yako hayapo.

Kwa hiyo mimi naongea na gari barabara ikiwa imenyooka na magari machache. Nikikaribia njia panda, mvua ikinyesha, au lori likiwa ubavuni, sibonyezi chochote. Lisiponielewa mara ya pili, naacha, kwa sababu kubishana na mashine ndiko kunakomaliza akili. Kama kuna mtu kando yangu, muziki ni kazi yake, simu ni kazi yake, na ramani pia.

Video ijayo nafungua simu hatua kwa hatua niwaonyeshe pa kuandika matamshi ya majina, ya iPhone kwanza, kisha ya Android. Kama kuna jina linalokusumbua, liandike hapo chini nilijaribu.